Pande Mbili za Mkia wa Ndege

Jumapili, 6 Februari 2000

Sista wa zahanati amenipima na kusema moyo wangu hauna ugonjwa. Amesema, "Mama Speciose, wewe unaumwa mawazo. Unayageuza kichwani kama mtu anayesonga ugali. Yaandike, yakae nje." Basi nayaandika. Niliishia darasa la nne. Kirundi cha mama yangu nakisema tu, kukiandika sikufundishwa, kwa hiyo naandika Kiswahili cha shule. Nikikosea, anayesoma ni mimi mwenyewe.

Wasiwasi wa leo: mvua imekuja na upepo, migomba miwili imelala. Speciose anakohoa. Mume wangu Matiasi amekwenda Kanazi kwa dada yake na hajarudi.

Amerudi.

Ijumaa, 11 Februari

Ndege imepita juu ya shamba tukipalilia maharage. Kila Jumanne na Ijumaa inaleta dawa na watu wa mashirika wanaohudumia kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lukole, kisha inarudi Mwanza. Mimi ikipita nasimamisha jembe mpaka ipotee nyuma ya kilima kutua, maana naona kama nikiendelea kulima itaanguka. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, ameniangalia akacheka: "Febronia, ile inaendeshwa na rubani. Haiendeshwi na shingo yako."

Jumatatu, 14 Februari

Mvua. Palizi haijaisha.

Jumanne, 22 Februari

Leo nina mengi, mkono utauma.

Tuliitwa mkutano kiwanja cha ndege, sisi akina mama wa kikundi cha kusuka cha Mugoma. Landrova ya shirika ilituchukua njia panda. Aliyetuita ni Bwana Pius, yule afisa wa shirika anayening'iniza miwani kifuani. Tulipofika tukakuta akina mama wa kambini wameshakaa kwenye benchi, nao wameitwa. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Ernesta, mwenyekiti wetu, akanong'ona, "Hawa ndio wanaomaliza kuni zetu, halafu tukabanane nao?" Tukakaa kwenye majani.

Bwana Pius akaeleza. Kampuni yenye ndege ina ndege kadhaa, na kila moja imechorwa mkiani kitu cha watu wa mahali inapotua. Ya Mwanza ina samaki, ya Shinyanga ina ngoma. Yetu peke yake ina mkia mweupe kama sahani. Sasa wanataka uchorwe mapambo ya watu wa Ngara, na wachoraji wawe sisi wenyewe. Tusipoelewana kabla masika hayajaisha, wakubwa wa kampuni wataweka twiga.

"Twiga?" Ernesta akasimama. "Bwana Pius, mimi nimezaliwa hapa, nimezaa hapa, wazazi wangu nimewazika hapa. Huyo twiga alipita lini?"

"Yupo kwenye noti, mama," akasema rubani, "ila lazima uielekeze kwenye jua." Rubani ni Kapteni Bulugu, Msukuma mnene wa Shinyanga. Alikuwa amekaa kwenye gurudumu la ndege yake akitafuna michembe, vile viazi vikavu vya kwao.

"Basi akae huko huko kwenye noti. Maana na noti zenyewe hatuzioni."

Tukacheka wote, na wa kwenye benchi wakacheka. Nikadhani mambo yatakuwa mepesi.

Ndipo Bwana Pius akasema: mkia una pande mbili, kushoto na kulia. Ili pasiwe na ugomvi, upande wa kushoto watachora wenyeji, wa kulia watachora wakimbizi. "Kwa hiyo kila mama aende upande wake."

Watu wakaanza kusogea. Mimi miguu ilikataa. Ernesta akanivuta mkono, "Njoo huku, mke wa Matiasi," nikaenda kama mbuzi. Lakini kulikuwa na mtoto wa kambini analia karibu yangu, na kabla sijafikiri nikambembeleza kwa Kirundi. Mama mmoja mrefu, mweusi, kitambaa kimefungwa juu ya paji la uso, akageuka akaniangalia. Anaitwa Niyonsaba. Akasema kwa sauti, "Huyu anaongea kama shangazi yangu wa Kirundo, kule kwetu Burundi. Mbona yuko huko?"

Nilijifanya natafuta kitu kwenye majani.

Nimefika nyumbani moyo unakwenda mbio. Niandike basi. Mama alinileta mgongoni kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mimi sijui hata kutambaa. Nimekulia Mugoma, nimebatizwa hapa, nimeolewa na Matiasi ambaye ni Mhangaza wa hapa hapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini tangu kambi zije, watu wanauliza. Unakwenda sokoni unaulizwa, "Wewe wa kambini?" Ukichelewa kujibu wanatazamana.

Matiasi amesema, "Baki kushoto. Unakumbuka tulivyosikia habari za kule Kigoma? Watu wana mashamba, wana wajukuu, wakaambiwa wapande lori waende kambini kwa sababu ya wanakotoka. Ukisimama kulia, mimi nitakuja kukutembelea kwa kibali?"

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Ukisimama kushoto," akasema, "mimi niliyekubeba nilikuwa nimebeba nini? Kuni?"

Wote wawili wamelala sasa. Wanakoroma vizuri tu.

Ijumaa, 25 Februari

Ndege imepita. Nimeangalia mkia badala ya mabawa. Kweli ni mweupe.

Jumanne, 7 Machi

Tumefanya mazoezi kiwanjani kwenye mbao. Bwana Pius ametaka kila upande uonyeshe unachojua. Sisi wa Mugoma tunajua vikapu, na juu ya kikapu pambo letu ni vilima: mstari unapanda, unashuka, unapanda, mweusi na mwekundu. Akina mama wa kambini wanajua kuta. Kwao walikuwa wanapamba ukuta wa ndani kwa udongo mwekundu, masizi na udongo mweupe. Na wamechora nini? Vilima. Mstari unapanda, unashuka, unapanda.

Ernesta akasema wametuiga. Niyonsaba akasema, "Tukuige tangu lini, mama? Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na hivi kabla hujaota meno." Bwana Pius akafurahi, akasema basi pande zote mbili zitakuwa vilima, imekwisha, twiga amekosa. Alifurahi peke yake.

Niyonsaba simpendi. Ana maringo. Tulipopika ndizi na maharage, Ernesta mwenyewe akamkaribisha (alijilazimisha, nilimwona), naye akasema ameshiba. Ameshiba nini? Ametembea tangu Lukole asubuhi. Akakaa pembeni anapangusa brashi yake.

Jumapili, 12 Machi

Mvua ya mawe. Maharage ya bondeni yameumia. Speciose amepona kikohozi, sasa anakohoa Matiasi.

Ijumaa, 17 Machi

Mazoezi tena. Niyonsaba alikuja akakaa karibu yangu, akaanza kunisemesha Kirundi. Nikamjibu Kiswahili. Akasema tena Kirundi. Nikamjibu tena Kiswahili. Akacheka kidogo puani, akaniacha.

Nimejisikia vibaya njia nzima. Nimemwambia Mama. Amesema, "Hata mbwa ukimwita kwa lugha yake anatikisa mkia." Sijapenda kufananishwa.

Jumanne, 28 Machi

Leo nimejua kitu na ninaona aibu kwa niliyomfikiria yule mama.

Tulikuwa tunapika. Niyonsaba akaja na chupa ndogo ya mafuta ya mgao, akamkabidhi Ernesta kwa mikono miwili. Kisha akakaa, akachukua sahani yake, akala ndizi vizuri, akaongeza. Msichana wa kambini, Nimpaye, akaniambia pembeni, "Alikuwa anasubiri siku ya mgao. Hawezi kula kwa watu na hana cha kuwapelekea. Sisi tulimwambia ale tu, akatuuliza kama tumekuwa kuku."

Kumbe. Na mimi kwetu ni vile vile! Mama yangu hawezi kurudisha sahani ya jirani bila kuweka kitu ndani, hata kama ni viazi viwili. Nimemwona mtu anafanya jambo la mama yangu, nikaliita maringo.

Ernesta aliyachukua mafuta akayanusa. "Mazuri," akasema. Kwa Ernesta hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua tu. Barabara ya Mbuba haipitiki.

Ijumaa, 14 Aprili

Kapteni Bulugu ameleta makopo ya rangi ya ndege kutoka Mwanza. Amesema rangi hii si ya kuchezea, inapakwa nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Ndege haina nafasi ya kukaa siku nyingi, labda baada ya Pasaka.

Nilimsalimia, nikamuuliza kama haogopi kule juu. Akasema, "Naogopa sana, mama. Naogopa kutua Ngara nikute akina mama wamegombana."

Jumapili, 23 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka. Tumekula nyama. Mama amekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaimba nyimbo za kwao mpaka majirani wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nafunga dirisha na Matiasi analifungua. Amesema, "Leo mwache."

Jumamosi, 29 Aprili

Sijui nicheke au nilie. Niandike kwa utaratibu.

Jana ndege ilitua mvua ikiwa imechoka kunyesha, na magurudumu yakazama kwenye kiwanja. Haiwezi kuondoka mpaka pakauke. Kapteni akasema Mungu ametupa nafasi, tuanze leo asubuhi, yeye anakwenda kulala mjini, atakuja saa tatu. Vijana wakasimika miti ya Mugoma na turubai la kambini juu ya mkia ili mvua isitufikie.

Sasa sisi akina mama tulifika alfajiri. Tukautazama ule mkia. Ni bati linateleza, linang'aa. Ernesta akapitisha kiganja. "Rangi haitashika hapa," akasema. Niyonsaba naye akapitisha kiganja. "Haitashika. Inataka kukandikwa kwanza." Ilikuwa mara ya kwanza hao wawili kukubaliana juu ya kitu, sote tukafurahi. Ukuta usiokandikwa haushiki rangi, hilo kila mwanamke anajua, wa kushoto na wa kulia. Unachukua kinyesi cha ng'ombe kibichi, unachanganya na majivu, unakanda, unapaka kwa kiganja, unasubiri kikauke kidogo, ndipo unachora.

"Nani ana ng'ombe karibu?" Mimi nikasema kwa shemeji yangu hapo bondeni. Nikaenda na Nimpaye, tukarudi na ndoo mbili. Tukaupaka mkia wote. Chini, juu, mbele, na kile kipande cha nyuma kinachochezacheza. Tuliupaka vizuri kweli, hakuna kiganja kilichoacha alama. Ernesta akasimama mbali akasema hata nyumba yake haijawahi kukandikwa hivyo.

Kapteni Bulugu akafika saa tatu.

Kwanza alinusa. Kisha akazunguka nyuma. Alisimama pale, mkono mdomoni.

"Akina mama," akasema taratibu. "Hii ni nini?"

"Ni msingi, mwanangu," Ernesta akajibu.

"Msingi wa nini?"

"Wa rangi. Rangi yako ilikuwa haishiki."

"Mama. Mimi ni Msukuma. Nimezaliwa zizini. Ng'ombe nawapenda kuliko ndugu zangu wengine. Lakini sijawahi kufikiri hata siku moja nitapanda nao angani." Akashika kile kipande cha nyuma, akajaribu kukisogeza, kikagoma. Uso wake ukabadilika, hakutania tena. Akatueleza kwamba kile ndicho usukani wa ndege, kikiongezewa uzito hata kidogo ndege inatikisika hewani mpaka inavunjika. Tusikiguse hata kwa rangi.

Mimi ndiye niliyeleta ndoo. Kama kiwanja kingekuwa kikavu, akaitwa kwa dharura alfajiri ile, angeondoka gizani bila kuangalia? Nikaona mkia, nikaona moto, nikaona watoto wa Kapteni huko Shinyanga. Nikakaa chini.

Niyonsaba akaja akanishika bega. Akasema kwa Kirundi, "Inuka. Hakuna aliyekufa. Kuna kazi ya kuosha tu." Na mimi nikamjibu kwa Kirundi, mbele ya watu wote, "Ego, naja." Hata sikujua nimesema ndiyo kwa Kirundi mpaka neno limetoka.

Tumeosha mpaka mchana. Mvua ilisaidia upande mmoja ambako turubai lilivuja. Kapteni alikagua kwa tochi na kitambaa, kila kona, akapangusa, akachezesha usukani, akapangusa tena. Mwisho akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akashika bawa. "Nitawasimulia Mwanza," akasema, "na hawataniamini."

Jumapili, 30 Aprili

Baada ya misa tumeanza kuchora kweli. Wa kushoto kushoto, wa kulia kulia. Mimi sikuchora. Kapteni alisema akina mama wakipanda ngazi na kuegemea mkia, ndege inaweza kukalia matako, kwa hiyo pamoja na kile chuma alichoegesha chini ya mkia anataka watu wenye uzito wakae mbele. Akanitazama. "Mama Speciose, tafadhali."

Nimekaa ndani ya ndege! Imesimama kwenye tope, haina hata sauti, na mimi nimefunga mkanda na kushika rozari. Kila wakipanda ngazi inatikisika kidogo, nami nasema Salamu Maria. Speciose alikuja kuchungulia dirishani: "Mama, umefika Mwanza?" Mtoto hana adabu. Nilicheka ndani kwa ndani.

Jioni niliposhuka miguu ilikuwa kama ya mtu aliyesafiri.

Jumatatu, 1 Mei

Leo ilikuwa siku ngumu.

Pande zote mbili zimekamilika saa nane. Kila upande ukiuangalia peke yake ni mzuri mpaka unanyamaza. Vilima vyeusi, vyekundu, vyeupe, vinapanda na kushuka. Kapteni akasema, "Hebu njooni mbele tuone vinavyokutana." Tukaenda mbele ya mkia, pale bati linapojikunja. Havikutani. Kilima cha kushoto kinafika pale kikiwa chini, cha kulia kinafika kikiwa juu. Cheusi kimegonga cheupe, chekundu kimegonga hewa. Ilikuwa kama meno ya mtu aliyepigwa.

Ni kwa nini? Wa Mugoma ni wasukaji, na kikapu kinaanzia kwenye kitako. Walianzia chini wakapanda. Wa kambini ni watu wa ukuta, na ukuta unaanzia juu ili matone yasiharibu ulichokwisha kufanya. Walianzia juu wakashuka. Vipimo ni vile vile, mwanzo ndio tofauti. Hakuna aliyefikiri kumwuliza mwenzake anaanzia wapi. Nani anaanza vibaya kitu alichokifanya maisha yake yote?

"Mmeanzia hewani kama popo," akasema Ernesta.

"Na nyinyi mmeanzia chini kama mchwa," akasema Niyonsaba.

Hapo likaanza. Likatoka kwenye vilima likaenda kwenye kuni, likatoka kwenye kuni likaenda kwenye migomba iliyoibiwa, likafika kwenye nani alikuwa nani kabla ya vita. Bwana Pius akapandisha miwani, akashusha, akasema labda turudi kwenye wazo la twiga. Kapteni akaanza kuziba makopo ya rangi. Mimi nilikuwa nimekimbilia kiti changu ndani ya ndege, nawatazama dirishani, mkanda umefungwa.

Ernesta akageuka. "Mama Speciose! Shuka useme. Nani amekosea?"

Niyonsaba naye akaniangalia. Alingoja tu.

Nilishuka. Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Mimi mnaniuliza nani amekosea, na mimi najua kusuka kwa Mama Ernesta, na ukuta nilioona mara ya kwanza maishani ni wa mama yangu, alianzia juu. Siwezi kusema. Dada Niyonsaba, kwenye kona ya nyumba, mistari isipokutana mnafanyaje?"

Akafikiri. "Tunapaka nguzo. Mstari mnene mweusi, juu mpaka chini. Kila ukuta unaishia kwenye nguzo."

"Na wewe mama, kikapu kikiisha vibaya?"

Ernesta akavuta midomo. "Unashona ukingo. Ukingo unafunika mengi."

"Si ni kitu kimoja?"

Wakakubali. Halafu wakaanza kugombania nani apake hiyo nguzo, au huo ukingo. Kapteni akachukua brashi akanipa mimi. "Wewe umekaa mbele tangu jana," akasema, "malizia mbele."

Nimepanda ngazi. Mimi, ninayeogopa kiti kirefu. Niyonsaba alishika ngazi upande wake na Ernesta upande wake, na wote wawili walikuwa wananiambia nisitazame chini. Nimepaka mstari mweusi kutoka juu mpaka chini. Umepinda kidogo karibu na juu, pale mkono ulipotetemeka. Kapteni anasema kutoka chini hauonekani. Mimi nauona.

Jumanne, 2 Mei

Kiwanja kimekauka. Ndege imeondoka. Sikusimamisha jembe; nilikaa chini kabisa.

Ijumaa, 5 Mei

Imerudi. Rangi imeshika.

Jumamosi, 20 Mei

Maharage yanakauka. Tumeanza kung'oa ya juu. Bwana Pius amepita: Jumamosi ijayo ni sherehe, anakuja mgeni rasmi kutoka wilayani, na mpiga picha. Akina mama watasimama kila mmoja upande wake.

Mawazo yamerudi yote. Nilidhani nimeyaandika yakaisha.

Ijumaa, 26 Mei

Matiasi amesema kaa nyuma ya watu wa kushoto, usionekane. Mama amekunja kitenge chake kizuri akakiweka kwenye kiti changu. Nimekivaa ili nijaribu. Ni kile alichonivisha siku ya harusi yangu.

Jumapili, 28 Mei

Jana nilichoka sana kuandika. Naandika leo baada ya misa.

Watu walijaa kiwanjani, wa Mugoma, wa Mbuba, wa kambini. Ndege ilizungushwa polepole ili kila mtu aone. Upande wa kulia ulipogeuka, watu wa kambini wakapiga vigelegele, wazee wengine wakavua kofia. Wa kushoto ulipogeuka, wetu wakapiga. Kisha ikasimama imetutazama, mstari wangu katikati, umepinda.

Mgeni rasmi alihutubia, ikaisha. Mpiga picha akasema, "Haya, wenyeji kushoto, wakimbizi kulia." Wakajipanga. Mimi nikabaki katikati mbele ya ule mstari. Sikupanga. Nilianza kwenda kushoto kama Matiasi alivyosema, nikamwona Niyonsaba ananiangalia, si kwa kejeli, ananiangalia tu kama mtu anayekusubiri njia panda. Miguu ikakataa kama ile siku ya kwanza.

Mgeni rasmi akaniona. Akaja mpaka karibu. "Mama, wewe ni wa upande gani?"

Matiasi nilimwona kwenye kundi, amevua kofia anaibana.

Nikasema, "Shikamoo, mzee. Mimi naitwa Febronia, ni wa Mugoma, mume wangu yule pale. Na mama yangu alinitoa Burundi nikiwa mgongoni, mwaka sabini na mbili. Mstari huu wa katikati nimeupaka mimi."

Akautazama mstari. Akanitazama. Nilikuwa nasubiri lori.

"Marahaba," akasema. "Ni mzuri. Sasa chuchumaa kidogo, mama, unauziba."

Basi. Hiyo tu! Nimechuchumaa, picha imepigwa, watu wamekwenda kwenye pilau.

Nilikuwa nimekaa na sahani, Ernesta akaja akajimwaga karibu yangu. "Yaani wewe," akasema, "ulikuwa unatuficha?"

Nikaweka sahani chini.

"Febronia. Mama yako anasali kwa Kirundi kila asubuhi kwa sauti ya tarumbeta. Mbuzi wangu wameshakijua. Ulidhani sisi tunadhani anasali Kichina?"

"Mbona hamkuwahi kusema?"

"Ungetaka tuseme nini? Nilikuvuta kushoto kwa sababu wewe ni jirani yangu." Akamwita Niyonsaba kwa mkono, akamsogezea nafasi, akamwekea nyama kutoka sahani yake mwenyewe. Niyonsaba akala. Mkobani alikuwa na kifurushi cha karanga, akakifungua akakiweka katikati yetu.

Matiasi alinibeba kwenye baiskeli mpaka nyumbani. Njiani, hata kwenye mlima, hakuniambia nishuke.

Mama alikuwa kizingitini anapura maharage kwa fimbo.

"Walikuuliza?" akasema.

"Waliniuliza, Mama."

"Ukasema?"

"Nikasema."

Akapura fimbo mbili tatu. Akageuza maganda, akapuliza makapi.

"Vua kitenge," akasema, "kisichafuke. Halafu njoo unisaidie, haya ya chini bado yana unyevu."